Kovu la Mrundi Wetu

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, nyumbani kwetu palikuwa na vyama viwili, redio mbili na sinia moja la ndizi. Sinia lilikuwa moja kwa sababu bibi alikataa kupika mara mbili. Alisema yeye alizaa watoto, hakuzaa vyama, na asiyetaka kula na mwenzake akale na redio yake.

Baba mkubwa alikuwa chama tawala. Cheo chake kilikuwa balozi wa nyumba kumi, lakini ukimwona anavyotembea ungedhani zile nyumba kumi zina jeshi na bendera. Baba mdogo alikuwa mageuzi. Alifanya kazi ofisini Maruku, mambo ya migomba na kahawa, na kila mwisho wa mwezi alishuka kwenye basi na briefkesi ambayo ndani yake, mimi nimeichungulia, kulikuwa na gazeti la wiki iliyopita na kitana. Ukuta wa kulia wa sebule ulikuwa na kalenda ya chama kimoja, wa kushoto kalenda ya kingine. Bibi alipewa kanga na pande zote mbili. Moja aliivaa chini, moja juu, na kila Jumapili alibadilisha ili chama kisichokaliwa leo kikaliwe wiki ijayo.

Baba yangu alikuwa wa katikati kati ya hao wawili. Alikwishafariki, kwa hiyo hakuwa na chama.

Wale ndugu wawili hawakukubaliana hata kuhusu mvua. Mmoja akisema inakuja, mwenzake anaanika nguo. Kitu kimoja tu kiliwaweka benchi moja: wageni. Wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara na Karagwe tangu mwaka uliotangulia, na kila kuku aliyepotea Muleba alisemekana amekwenda kambini. Baba mkubwa alisema wageni wanaletwa na mageuzi ili kuvuruga amani. Baba mdogo alisema wageni wanagawiwa kadi na chama tawala ili wajaze masanduku ya kura. Kwa maelezo ya hao wawili, mgeni mmoja angepiga kura mara mbili, kwa vyama viwili, na bado angebaki na muda wa kuiba mbuzi.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huko Kashozi, na kipaji changu kilikuwa kimoja tu: kuigiza watu. Nilimwigiza baba mkubwa akihutubia nyumba zake kumi. Nilimwigiza baba mdogo akitamka neno demokrasia kana kwamba lina moto na hataki liunguze ulimi. Wasichana wa bweni walicheka mpaka mlezi wetu akaja na fimbo. Sikujua kwamba kuna siku kipaji kitanitokea puani.

Sasa, mgeni wetu wenyewe. Tulikuwa naye mmoja, na tulimwita Mrundi wetu, kama vile mtu anavyosema panga letu. Alikuja kijana, kabla baba yangu hajaoa, kuchuma kahawa ya babu. Kahawa ikaisha msimu ule, yeye hakuondoka. Akachuma ya mwaka uliofuata na wa baada yake, mpaka nywele zikawa nyeupe. Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu; mimi nikikwama neno la kizamani namwuliza yeye. Alijua mgomba upi ulipandwa na babu na upi ulipandwa na upepo. Alikuwa na kibanda chake nyuma ya jiko, jembe lake, na kofia ya mvua ambayo kuna siku iliwahi kuwa ya rangi fulani.

Wakati wa vita vya Amin, hivi nimesimuliwa na bibi maana mimi nilikuwa bado sijafika duniani, baba mkubwa alikuwa akiishi Bukoba mjini. Mizinga ilipoanza kusikika alikimbia na godoro kichwani mpaka nyumbani. Alikaa miezi minne akiogopa hata radi. Aliyemlisha miezi hiyo minne, aliyemchotea maji kwa sababu mkimbizi wetu aliogopa kwenda mtoni, ni Mrundi wetu. Na kabla ya hapo huyo huyo baba mkubwa alikuwa ameishi Kampala miaka minane, akipika hotelini, mgeni miongoni mwa watu wengine, na hadi leo akilewa anaomba chumvi kwa Kiganda. Hayo hayakuwamo kwenye hotuba zake.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Wakati huo ulikuwa na majina mengi na watu waliyataja wakiangalia pembeni. Baba yangu alipoanza kukonda nilikuwa darasa la pili. Baba mkubwa alikuja kumwona akasimama mlangoni na leso puani. Alisema ana mafua, hataki kumwambukiza mgonjwa. Mafua hayo yalimkaa miaka miwili. Baba mdogo, kwa kuwa ni msomi, alileta kijitabu kinachoeleza kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kugusana, akamsomea kaka yake kijitabu chote kwa sauti, yeye akiwa uani, mgonjwa akisikiliza dirishani. Aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyempondea ndizi na kumlisha kwa kijiko alikuwa Mrundi wetu. Baba alipokufa nilikuwa darasa la nne. Ndugu zake walilia kwa nguvu sana, mmoja akashikwa asianguke kaburini. Mafua yalikuwa yamepona. Mama alimfuata baba mwaka uliofuata. Nadhani hakumwamini baba akiachwa peke yake muda mrefu.

Lakini kabla hajalala kabisa kitandani, baba alimpa Mrundi wetu kipande cha rweya. Kwa asiyejua, rweya ni zile nyasi tupu nje ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, udongo mwembamba juu ya mawe, mahali pa kukata majani ya kutandika nyumbani na kulishia mbuzi. Hakuna Mhaya mwenye akili anayepanda mgomba kwenye rweya. Kijiji kizima kilicheka. Baba mkubwa alisema zawadi hiyo ni sawa na kumpa mtu kivuli. Mrundi wetu alitafuta kapu. Alianza kubeba. Alibeba samadi, maganda ya ndizi, majani, majivu ya jiko, takataka zote ambazo sisi tulitupa, kila jioni akitoka kazini kwetu, miaka minane. Mwaka ule wa uchaguzi mikungu yake ilikuwa minene mpaka ilibidi aitegemeze kwa miti miwili miwili. Watu walitoka barabarani kuja kuiangalia.

Ni hapo ndipo ndugu wote wawili walipokumbuka kwamba yule mzee ni mgeni.

Baba mkubwa alitaka kipande kile ajenge nyumba ya mtoto wake wa kwanza. Baba mdogo alitaka kipande hicho hicho kiwe shamba la mfano, aje na wakubwa wake wapige picha. Hakuna aliyelisema waziwazi. Walisema usalama wa taifa.

Basi mwezi wa sita, nikiwa likizo, mtendaji wa kijiji akaleta karatasi. Kila balozi aorodheshe wasio raia katika nyumba zake. Alhamisi lori lingesimama Muleba, pale wilayani, kuwachukua kwenda kambini Ngara. Mrundi wetu hakuwa mkimbizi. Alikuja kwa miguu yake wakati ambapo kambi hizo zilikuwa bado nyasi. Tena kambi yenyewe ilikuwa ya Wanyarwanda. Nilipomwuliza baba mkubwa, mzee atakwenda kufanya nini huko, alinijibu kwamba wote ni wa upande ule.

Jina la kwanza kwenye orodha yake lilikuwa la Mrundi wetu, na mbele yake kulikuwa na maneno: mtu hatari, ana mawasiliano.

Maneno hayo yalikuwa yangu. Likizo ya Pasaka, nikiwachekesha watoto wa baba mkubwa, nilikuwa nimewaambia kwamba mzee wetu si mchuma kahawa, ni mtoto wa mfalme wa Urundi aliyetoroka na ngoma ya ufalme, ameificha kwenye paa la kibanda chake, na watu wake humletea barua ndani ya mikungu ya ndizi. Nilimwigiza hata anavyokaa kwenye kiti cha enzi, nikitumia ndoo. Watoto walicheka, wakamsimulia mama yao, mama yao akamsimulia balozi wa nyumba kumi, na balozi hakucheka. Alipanda ngazi akachungulia paa. Hakukuta ngoma, na kwake yeye huo ukawa ushahidi kwamba imehamishwa.

Jumapili baada ya ibada kikaitwa kikao cha ukoo. Kilikuwa kifupi kwa watu, kirefu kwa maneno: ndugu wawili, bibi jikoni mlango ukiwa wazi, mzee mwenyewe ameketi chini karibu na mlango na kofia yake magotini, na mimi nikiandika kumbukumbu. Nilipewa kalamu kwa sababu kila ndugu aliamini mwenzake akiandika ataiba hata nukta.

Baba mkubwa alifungua kwa kusema hana chuki na mtu. Ukisikia mtu anaanza hivyo, shika mfuko wako. Aliendelea kwamba sheria ni sheria, kwamba yeye kama kiongozi hawezi kumficha mgeni nyumbani kwake halafu adai wenzake wawatoe wa kwao. Baba mdogo alisema anaunga mkono hoja, na hapo nikanyanyua kichwa kuona kama paa halijaanguka. Alisema ila chama chake kinaamini katika haki za binadamu, kwa hiyo mzee apewe blanketi. Wakaanza kubishana kuhusu blanketi: linunuliwe na nani, na je, likitolewa na mageuzi halitahesabika kuwa kampeni. Kuhusu kumwondoa hawakubishana hata sekunde. Kuhusu kipande cha rweya walikubaliana kwamba kitarudi kwa ukoo, kisha kila mmoja akatazama dari akikipima kipande kile moyoni mwake.

Hapo nikaweka kalamu chini. Nilisema yule mfalme nilimtunga mimi, ngoma nilitunga mimi, barua pia, na ndoo ilikuwa ya kwetu. Sikuzoea kusema kitu bila kuchekesha. Baba mkubwa alinitazama kwa huruma, akasema ninajaribu kumwokoa kwa sababu amenilea, na kwamba moyo wangu ni mzuri lakini siasa za kimataifa siziwezi. Baba mdogo akaongeza kwamba watawala waliotoroka ndivyo walivyo, huwatumia watoto. Uongo wangu walikuwa wanaupenda kuliko walivyonipenda mimi. Sikuweza kuurudisha. Mzee alinigeukia kidogo. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyesikia kwamba mbuzi amevunja chungu.

Ndipo bibi akatoka jikoni. Alikuwa anatafuna buni, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya maji. Alisimama katikati ya kalenda mbili, akameza alichokuwa anatafuna, akasema:

"Kabla hamjampandisha baba yenu kwenye lori, kwanza muageni."

Baba mkubwa akamwuliza baba yupi, maana baba yao yuko kaburini tangu zamani.

"Huyo hapo chini," bibi akasema. "Baba yenu mdogo. Alikula omukago na mume wangu."

Sijui kama nyie wasomaji wa mbali mnajua omukago. Watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu, wanachukua tunda moja la kahawa, lenye buni mbili ndani. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, buni inapakwa damu yake, halafu unameza ya mwenzako na yeye anameza yako. Baada ya hapo ni ndugu kuliko ndugu. Watoto wako ni wake. Ukimtendea ubaya, wewe au watoto wako, ile buni inaamka tumboni, tumbo linavimba mpaka linakumaliza. Siku hizi hakuna anayefanya. Lakini kuna tofauti kati ya kutofanya na kutoogopa.

Baba mkubwa alishika tumbo lake, ambalo kusema kweli lilikuwa limekwishavimba bila msaada wa mtu. Baba mdogo alikumbuka usomi wake. Alisema kwanza mila hizo zimepitwa na wakati, pili kuchanganya damu ndiko kunakoeneza ukimwi, na alikuwa anaelekea tatu wakati bibi alipomwambia kwamba kama anataka kumsomea kijitabu aende uani, pale alipozoea. Nilitamani sana kuliandika lile, nikaliandika.

Baba mdogo akauliza, sasa kwa adabu, ushahidi uko wapi. Bibi akamjibu:

"Buni moja iko kaburini, chimba. Nyingine iko ndani ya huyu. Mzee, waonyeshe tumbo."

Mzee alimtazama bibi muda kidogo. Kisha akasimama, akafungua vifungo vya shati moja moja, polepole, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Karibu na kitovu palikuwa na kovu. Lilikuwa kovu la haja, refu kama kidole changu cha kati, lenye alama za nyuzi kila upande.

Mimi kovu lile nilikuwa nalifahamu. Nilikuwa darasa la tano, mwaka ambao mama alikufa. Mzee aliinua mzigo wa majani kitovu kikatoka nje kama limau. Nilimsindikiza hospitali ya misheni, mimi na sufuria. Mganga alisema ni ngiri ya kitovu. Kwenye karatasi, mahali palipoandikwa ndugu wa mgonjwa, niliandika jina langu kwa mwandiko wa darasa la tano, na yule nesi hakuuliza. Tulikaa wiki mbili. Nilimpikia uji kwenye mafiga ya wauguzaji, nikamwigizia madaktari mpaka akaniomba niache kwa sababu kucheka kulimvuta nyuzi. Baba mkubwa wakati huo alikuwa bado mjini, baba mdogo Maruku, nao hawakujua lolote. Waliporudi mwisho wa mwezi ule waliuliza jambo moja tu, kwa nini kahawa haijachumwa.

Sasa baba mdogo aliinama, akaangalia kovu kwa karibu. Alisema omukago aliousikia yeye huacha alama ndogo kama ya chanjo, hii mbona kubwa.

"Baba yenu alikuwa na mkono mzito," bibi akasema.

Baba mkubwa alirudi nyuma hatua moja. Baba mdogo hakuridhika. Akageuka, akaninyooshea kidole, na nikajua kwamba sasa mambo yote ya mzee, kibanda, mikungu yake, kaburi atakalozikwa, yananing'inia kwenye mdomo wangu, yaani mdomo ule ule ulioyaharibu. Akasema, wewe uliyekulia mgongoni mwake, kovu hili unalijua?

Bibi alitia buni nyingine mdomoni akaanza kutafuna. Mzee alikuwa anaangalia mlango.

"Ninalijua tangu mdogo, waitu," nikasema, kwa lile neno letu la heshima.

Ilikuwa kweli tupu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu niliposema kweli na ikafanya kazi ya uongo, nami sikuongeza neno. Kwa mtu kama mimi, kutoongeza neno ni kazi ngumu kuliko kubeba samadi.

Baba mdogo alikaa. Baba mkubwa alitoa leso, ile ile ya mafua, akajifuta shingo. Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo mara ngapi katika miaka hiyo yote alimtuma mzee sigara, mara ngapi alimwita bila kumwamkia. Nilimwona mtu akiogopa nusu ya maisha yake kwa wakati mmoja. Halafu akasema jambo lililomshinda kweli: orodha ilikwishaenda wilayani. Jina likishafika huko, balozi hawezi kulifuta.

Kwa hiyo Alhamisi tulikwenda Muleba watu wanne, bibi akabaki nyumbani. Lori lilikuwa limeegeshwa karibu na soko, watu wameanza kupanda na vyungu, godoro, kuku waliofungwa miguu. Afisa alikuwa na meza chini ya bati. Aliposoma jina la mzee, baba mkubwa na baba mdogo walisogea pamoja, wakagongana mabega, wakasema kwa pamoja kwamba huyu haendi, ni baba yao mdogo. Afisa alimjua kila mmoja kwa chama chake. Wiki iliyotangulia nusura wapigane kwenye mkutano pale pale sokoni. Aliwatazama, akamtazama mzee, akaanza kucheka. Alisema tangu vyama viingie nchini hajawahi kuona pande hizo mbili zikisema kitu kimoja, na kama zimekubaliana basi lazima ni kweli au nchi imekwisha. Akapiga mstari juu ya jina. Ukweli ni huo, mzee aliokolewa na wino wa mtu aliyefurahi.

Ningependa niishie hapo, tukiwa tunarudi nyumbani tunaimba. Lakini kwenye lile lori alikuwamo mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa kwa jirani yetu, na watoto watatu. Yeye hakuzaliwa hata huko kwingine. Alizaliwa Muleba, mama yake akiwa mchumaji kama yeye. Watoto wawili walikuwa wanasoma shule yetu ya msingi, na mdogo alikuwa amevaa sare, labda kwa kuwa ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Jirani mwenyewe, mwenye kahawa, sikumwona. Orodha ilikuwa juu ya meza na jina la yule mama lilikuwa la tatu, kwa mwandiko wa baba mkubwa. Mwandiko huo nilizoea kuuigiza, una mikia mirefu.

Mzee alisimama nyuma ya lori. Yule mama alimwambia kitu kwa Kihaya, nilisikia habari ya maharage yake, kwamba yamekauka yako tayari, na anaogopa ngedere watayamaliza. Mzee akamgeukia baba mkubwa.

"Na huyu?"

"Huyu si wa kwetu," baba mkubwa akasema, haraka, kama mtu anayefunga duka.

Bibi hakuwapo, na hata angekuwapo hakuwa na mume wa pili wa kumkopesha. Mimi nilikuwa na utani mwingi tayari kinywani, hakuna uliofaa. Lori likawaka, kuku wakapiga kelele, likaondoka upande wa Biharamulo.

Jioni nilimwuliza bibi jikoni kama ule omukago ulifanyika kweli. Alisema babu alitafuna buni na watu wengi, nimletee kuni.

Ijumaa asubuhi baba mkubwa alitoka nje mapema kuliko kawaida, akaenda mpaka kwenye kibanda nyuma ya jiko na kumwamkia mzee shikamoo, ameinama kidogo, mkono mmoja tumboni. Baba mdogo alikuja nyuma yake akaamkia pia. Hakutaka chama tawala kipate baraka peke yake. Mzee aliitikia marahaba. Nilikuwa nachota maji pipani, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake, alikuwa anawapima hao wawili kama anavyoupima mgomba kabla ya kuukata majani. Kisha akawaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwa kuwa yeye ni baba yao, leo wataenda kwa jirani kuvuna maharage ya yule mama. Wayapige, wayapepete. Halafu kuna mtu atayapeleka Ngara.

Baba mkubwa alisema Ngara ni mbali. Alisema kambini hawaruhusu watu. Alisema yeye ni balozi, ataonekanaje, akishuka kwenye basi na gunia mbele ya wakimbizi, akiuliza mwanamke aliyemwandika mwenyewe. Mzee alisikiliza yote, akavaa kofia yake.

"Utauliza mpaka umpate," akasema. "Na salamu zangu."

Baba mdogo alianza kucheka. Alicheka sana, akashika nguzo ya jiko, akasema hili ataliweka gazetini. Alicheka mpaka mzee alipomwambia kwamba maharage ni magunia mawili.